Barua kwa binti yangu anayetafuta kocha wa barafu

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu, nikaona haijibiwi kwa simu. Uliandika: "Mama, kocha wangu anahama kutoka hapa Columbus mwezi ujao. Nina miaka 32 na nimejifunza kuteleza kwenye barafu mwaka mmoja na nusu tu. Nitafute mwingine, au niseme imetosha? Na nikitafuta, nitamjuaje kwamba ndiye?"

Mtafute. Hilo la kwanza jibu lake ni neno moja. La pili ndilo lililoniweka mezani na kalamu, kwa sababu kuna jambo sijawahi kukwambia.

Unakumbuka baridi ya 2017, uliporudi kutoka chuo ukanikuta mkono wa kulia umefungwa POP? Nilikwambia nimeanguka kwenye maegesho ya kazini, kwamba barafu ilikuwa haijamwagiwa chumvi. Haikuwa kweli. Nilivunjikia kwenye uwanja wa barafu, katikati ya somo, mbele ya kocha niliyekuwa namlipa. Na POP ilipofunguliwa nilirudi kwa kocha yuleyule, nikakaa naye miezi minne mingine. Kuanguka sikukuonea haya. Nilichoonea haya ni kurudi.

Unajua nilivyoanza. Mdogo wako alipokuwa na darasa lake la Jumamosi mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi na chupa ya chai, miguu imekufa ganzi. Upande wa pili wa uwanja, saa hiyohiyo, watu wazima walikuwa na darasa lao, na mama mmoja mwenye mvi alikuwa anafundishwa kuanguka. Nilimtazama Jumamosi mbili, ya tatu nikajiandikisha. Nilikuwa na miaka 46, na barafu niliyokua nayo Tanga ni ile ya ukwaju, ya kunyonya kwenye kifuko. Mpango wa Learn to Skate USA una ngazi 6 za watu wazima, na ya kwanza inaanza na kuanguka na kuinuka. Nilipofika ya nne mwalimu wa darasa akanishauri nichukue kocha wangu binafsi. Nikaenda ofisini, nikaomba orodha, nikachagua yule ambaye picha za wanafunzi wake wenye medali zilikuwa zimejaa ukutani. Sikumtazama akifundisha hata mara moja.

Alijua kuteleza, sitamwongopea. Lakini mimi kwake nilikuwa mtu wa kujazia nusu saa. Msimu wa mashindano ya watoto ukikaribia, somo langu ndilo lililosogezwa. Watoto aliwaambia "rudia", mimi aliniambia "vizuri sana". Nilipenda kuisikia ile "vizuri", mwanangu, baada ya zamu ya usiku na mwili mzima unauma. Nilichelewa kuelewa kwamba anayesema vizuri kwa kila kitu hajakitazama.

Ndipo akanipandisha kwenye mruko wa waltz. Wewe unaujua sasa: unaondoka kwa makali ya nje ya bledi (chuma cha chini ya kiatu) ya mguu wa kushoto ukienda mbele, nusu mzunguko hewani, unatua kwa makali ya nje ya mguu wa kulia ukirudi nyuma. Siku ile nilikuwa siwezi kusimama juu ya makali hayo ya kutua hata kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, miguu ikiwa chini bila kuruka kokote. Mtu anayenitazama angeliona hilo kwa dakika moja. Niliruka, nikatua bledi ikiwa bapa na uzito wote uko kisiginoni, mguu ukakimbia mbele, mimi nikaenda nyuma, mkono ukatangulia.

Nikamrudia kwa sababu ya heshima. Nililelewa hivyo madrasa, pale Ngamiani: mwalimu ni mzazi, na mzazi habadilishwi. Nawe nilikulea hivyohivyo, ndiyo maana najua kwamba swali lako la "nitafute mwingine" lina woga ndani yake, ingawa wako anahama mwenyewe na hakuna unayemsaliti. Mimi nilichukua adabu ya madrasa nikamvika mtu tuliyepatana kwa malipo ya nusu saa. Nilikuja kujua baadaye kwamba makocha wenyewe wana utaratibu wa jambo hili. Chama chao, PSA, kilichoanzishwa 1938 na chenye makao hapahapa Minnesota, mjini Rochester, kina mwongozo wake: kabla ya kuhamia kwa kocha mpya, yule wa kwanza anaarifiwa na madeni yake yanalipwa. Kumbe kuhama kunatarajiwa, ila kufanywe waziwazi na kwa mikono safi. Nilimwandikia yule kocha mistari minne ya shukrani, nikamlipa somo la mwisho, basi. Alijibu siku hiyohiyo, kwa upole. Miezi minne nilikuwa naogopa kitu kilichokwisha kwa dakika kumi.

Safari ya pili sikuanza na orodha. Nilikwenda uwanjani bila viatu vya barafu, asubuhi tatu, nikakaa pale juu kwenye viti na kutazama makocha wakifundisha watu wazima. Fanya hivyo, nakuomba. Usitazame wanafunzi wanaruka nini, tazama macho ya kocha yako wapi. Mmoja alikuwa anaongea vizuri sana huku anawapungia mkono watu wanaopita. Mwingine alikuwa na simu. Asubuhi ya tatu nikamwona mwanamke wa miaka kama 60 amepiga magoti kwenye barafu, anafuata kwa kidole cha glavu mstari ambao mwanafunzi wake ameuchora kwa bledi. Walikuwa wanasoma ule mstari pamoja, kama watu wanaosoma barua. Mwanafunzi alikuwa mtu mzima wa makamo, na kitu chenyewe kilikuwa mgeuko wa tatu, ule unaoacha namba 3 kwenye barafu. Nilimsubiri mlangoni.

Somo la kwanza nililipia kama la kujaribiana, tukakubaliana hivyo waziwazi. Hakuna kocha anayejiheshimu atakayekukatalia hilo, na ukiweza jaribu wawili au watatu kabla hujafunga ahadi ya mwezi. Aliniuliza mambo matatu kabla sijakanyaga barafu: unataka kufanya nini msimu huu utakapokwisha, umewahi kuvunjika wapi, na unaogopa nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza naogopa nini. Kisha akaniomba viatu. Bledi ina unene wa kama milimita 4 tu, na katikati yake pana mfereji unaoacha makali mawili, la ndani na la nje. Alipitisha ukucha juu ya makali yangu, haukukwaruzika. Akaingiza kidole nyuma ya kisigino changu ndani ya kiatu, kikapita chote. Miaka miwili nilikuwa natelezea chuma butu ndani ya kiatu kikubwa, na nikadhani umri ndio unaonipeperusha.

Halafu akanishusha, mama yangu. Alinirudisha kwenye kuanguka: magoti yanakunjwa, unakaa kwa ubavu, ngumi zimefumbwa ili vidole visikanyagwe na bledi ya mtu. Wiki tatu za hilo, kwa sababu nilimwambia ukweli kwamba naogopa mkono wangu. Kisha makali, moja baada ya jingine, mguu mmoja baada ya mwingine, mbele na nyuma, miezi. Mruko wa waltz sikuugusa hadi mwaka uliofuata, na nilipouruka niliona kama nashuka ngazi ya nyumbani. Nisikufiche, miezi ile ilikuwa mizito. Kuna siku nililia ndani ya gari. Lakini alikuwa anasema "rudia", na kila akisema hivyo nilijua amenitazama.

Muulize huyo utakayempata: ana wanafunzi wangapi watu wazima, na msimu wa mashindano somo la nani husogezwa. Muulize kama ada yake ni ya peke yake au ya uwanja imo ndani, maana mara nyingi barafu unalipia kando, na usione aibu kuzungumza pesa mapema. Hakikisha amechunguzwa historia yake na amesoma mafunzo ya SafeSport, yale ya kuwalinda wanamichezo dhidi ya unyanyasaji. Hayo ni masharti ya U.S. Figure Skating, chama cha taifa cha mchezo huu, kwa makocha wake, wala haliwi swali la kumvunjia heshima. Na mweleze maisha yako jinsi yalivyo. Wangu, Ramadhani ya kwanza, aliniuliza Magharibi ni saa ngapi, akanipangia masomo mepesi ya asubuhi mwezi mzima, hakuna mruko, makali tu. Mtandio wangu nao, yeye ndiye aliyenifundisha kuuchomeka wote ndani ya koti, kwa kuwa kitambaa kinachoning'inia hukamatwa na mkono wakati wa kuzunguka.

Jambo jingine uliligusa kwa juu juu, kwamba kwenye uwanja wako wewe ndiye mweusi peke yako. Nataka umjue Mabel Fairbanks, kama bado hujamjua. Alikuwa binti mweusi huko New York miaka ya 1930, na uwanjani walimkatalia mlangoni kwa rangi yake. Alirudi tena na tena hadi akaingia. Maribel Vinson, aliyekuwa bingwa wa Marekani mara 9, akawa anamwelekeza huku na huku. Mashindano hakuruhusiwa, kwa hiyo Mabel alikwenda Los Angeles akawa kocha mwenyewe. Atoy Wilson, aliyefundishwa naye, mwaka 1966 akawa Mwamerika mweusi wa kwanza kushinda taji la taifa, ngazi ya chipukizi. Tai Babilonia na Randy Gardner, mabingwa wa dunia wa 1979, yeye ndiye aliyewaunganisha wakiwa watoto. Mwaka 1997 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa kuteleza wa Marekani, mweusi wa kwanza. Kila ninapofunga kamba za viatu namkumbuka. Ukiingia pale mlangoni, ingia ukijua kwamba mlango huo ulishasukumwa na mtu.

Kuhusu umri sina mengi. Marekani ina mashindano ya taifa ya watu wazima tangu 1995, na kule Oberstdorf, Ujerumani, kuna ya kimataifa ya watu wazima tangu 2005 ambako mwenye chini ya miaka 28 haruhusiwi kabisa kuingia. Kwa miaka yako 32 utakuwa katika kundi la wadogo.

Sasa huyu kocha wako anayehama, usimwache aondoke hivihivi. Muombe somo la mwisho liwe la kuagana, msijifunze kitu kipya, bali akuandikie anachokiona: mguu upi ni mzito, bega lipi linafunguka mapema, nini alikuwa anapanga baada ya hapa. Muulize yeye angekupeleka kwa nani, kwa sababu anawajua wenzake wote wa Columbus kuliko nitakavyowajua mimi kutoka huku. Na ukishampata mpya, waombe waongee kwa simu. Kati ya kocha na kocha rudi kwenye darasa la pamoja, na peke yako fanya makali tu. Usijaribu mruko mpya ukiwa huna mwalimu. Hilo silisemi kama ushauri, ni amri ya mama yako.

Nisamehe kwa ile hadithi ya maegesho. Nilitaka uendelee kuniona mtu asiyeburutwa na aibu, na matokeo yake umekua na aibu ileile bila kujua imetoka wapi.

Kitu kimoja nakihitaji. Nitumie video yako ukiteleza kurudi nyuma kwa makali ya nje ya mguu wa kulia, duara zima, bila kuruka. Mtu apige akiwa amesimama pembeni na miguu ionekane hadi kwenye barafu. Ifike kabla ya Ijumaa usiku, maana Jumamosi saa moja asubuhi nipo na kocha wangu na nimeshamwambia kwamba tutaitazama pamoja.

Mama yako,
Minneapolis