Usimtafute Babu wa Quebec kwa Jina Moja

Ukoo wa Kifaransa wa Quebec, jimbo la Kanada, hufuatika vizuri kuliko koo nyingi za Ulaya. Mapadri waliandika ubatizo, ndoa na mazishi, na tangu 1679 daftari liliandikwa nakala mbili: moja ilibaki parokiani, nyingine ikaenda mahakamani. Ukiambiwa kanisa liliungua, uliza nakala ya mahakamani kabla hujakata tamaa. Wanaokwama karne ya 18, mara nyingi wamekwamishwa na majina.

Neno la kuliogopa ni dogo: *dit*, yaani "aitwaye", kwa mwanamke ni *dite*. Roy dit Desjardins ni mtu mmoja mwenye majina mawili ya ukoo. Askari wa kikosi cha Kifaransa cha Carignan-Salières, takriban 1,200 walioingia mwaka 1665, walikuja na majina ya jeshini kama Lafleur, Jolicoeur na Sansouci. Wengine waliitwa kwa kwao: Langevin ni mtu wa Anjou, huko Ufaransa. Wengine walipewa la pili kwa sababu tu parokia ilijaa akina Roy. Jina hilo lilirithiwa, na hapo ndipo uzi hukatika: mtoto mmoja abatizwa Roy, aoe akiwa Desjardins, azikwe kwa yote mawili. Ukishaliona *dit*, tafuta kila tukio kwa jina la kwanza, kisha urudie kwa la pili. Wajukuu waliohamia Marekani nao walitafsiri: Roy akawa King, Boisvert akawa Greenwood, Leblanc akawa White.

Anza na ndoa, usianze na ubatizo. Hati ya ndoa kwa kawaida hutaja wazazi wa pande zote mbili na parokia zao, basi karatasi moja inakuvusha kizazi kizima. Toka kwa aliyeoa mwaka 1950 hadi kwa askari wa 1665 ni kama ndoa 10 tu. Soma kila neno. *Feu* au *feue* mbele ya jina la mzazi maana yake ni marehemu, kwa hiyo kifo chake ukitafute kabla ya siku hiyo. *Mineur* chini ya utawala wa Ufaransa ni aliye chini ya miaka 25, hata kama ana ndevu.

Mwanamke ndiye nguzo yako. Hati za kanisa na za mikataba zilimwandika kwa jina la babake hadi kaburini, kama mwanamke wa pwani yetu asivyobadili jina la babake akiolewa. Tafuta basi jozi, mume na mke pamoja. Akina Jean Roy ni wengi mno. Jean Roy mwenye mke fulani ni mmoja, au wawili.

Majina ya ubatizo yana mitego yake. Ilizoeleka mvulana kutanguliziwa Joseph na msichana Marie, na jina la kuitiwa nyumbani likawa la mwisho: Joseph Louis Édouard alijulikana kama Édouard. Mtoto mara nyingi alikuwa somo wa msimamizi wake wa ubatizo, na msimamizi huwa shangazi, mjomba au babu, kwa hiyo nakili majina ya wasimamizi wote. Mtoto akifa, aliyefuata aliweza kupewa jina lilelile. Pitia mazishi kabla ya kuunganisha ubatizo na ndoa, la sivyo utamwozesha maiti.

Kosa la tarehe linaloharibu kazi nyingi ni *7bre*. Huo si mwezi wa saba, ni Septemba. *8bre* ni Oktoba, *9bre* Novemba, *Xbre* Desemba.

Watumwa, wawe Waafrika au wenyeji wa Amerika walioitwa *panis*, mara nyingi waliandikwa kwa jina la ubatizo pekee. Watafute chini ya jina la bwana wao, na usiwaache nje ya mti wa ukoo kwa kukosa jina la pili.

Daftari likikauka, nenda kwa hati za *notaire*, yaani mwandishi rasmi wa mikataba. Maktaba na Nyaraka za Taifa za Quebec, BAnQ, imeweka nyingi mtandaoni bure. Mkataba wa ndoa peke yake hauthibitishi ndoa, kwani mingine ilivunjwa kabla ya kufika kanisani, hasa ya wale "wasichana wa Mfalme", waliotumwa kutoka Ufaransa kwa gharama ya mfalme waje kuolewa, waliofika kati ya 1663 na 1673. Bora zaidi ni orodha ya mali baada ya kifo: humo warithi huorodheshwa, watoto wadogo na umri wao, mabinti na waume zao.