Mama yuko Mumias, mimi nimefungiwa Nakuru

Swali: Shangazi, tangu Machi 26, 2021 serikali ilipofunga kaunti yetu kwa sababu ya korona, hatutoki Nakuru. Mama ana miaka 71, ana sukari, na yuko peke yake Mumias, ingawa bado analima. Kijana wa bodaboda ameahidi kunivusha kizuizi usiku kwa njia za panya. Niende?
– Binti wa Kaptembwo

Jibu: Binti yangu, usiende. Sihofii polisi, namhofia mama yako. Unaweza kuwa na korona bila kikohozi wala homa, ukamwachia, na kwa mwenye sukari ugonjwa huu ni mkali sana. Mpigie simu kila jioni. Mtumie pesa ya dawa kwa M-Pesa, kisha umwombe jirani ampeleke akachanjwe. Mwaka huu wa 2021 waliotimiza miaka 58 wanachanjwa. Angekuwa mahututi, ningesita kukukataza. Lakini mama anayeshika jembe anaweza kukungoja.