Wenye Mini, mipira yenu inaliwa bure

Juzi kaniandikia kijana mmoja wa Wete, karithi Mini, kile kigari kidogo cha zamani cha Kiingereza, ya marehemu ami yake, ana furaha mpaka unaisikia kwenye maandishi yake, lakini anasema mipira ya mbele aliyofunga baada ya Ramadhani ishakwisha upande wa nje, na upande wa ndani bado ina vile vinywele vya kiwandani. Gereji wamemwambia anunue mengine. Basi moyo uliniuma kwelikweli maana hayo ndo yaliyonikuta mie, tena mara tatu, na pesa zangu zilikwenda hivohivo.

Mini yangu ni ya 1974, nilinunua kwa mzee mmoja wa Kikwajuni, imekaa chini ya mwembe miaka. Habari ya kuifufua niache, ni ndefu na nyote mlio na magari haya mnaijua. Ilivyosimama tu nikatafuta mipira ya inchi 10, hapa mjini hakuna (ya Vespa ipo tele na ni inchi 10 hiyohiyo, lakini ni ya Vespa, msidanganywe mkaifunga kwenye gari), nikaagiza, ikaja kwa boti kutoka Dar, nikaifunga kwa mikono yangu, nikaenda gereji moja yenye mashine ya kompyuta kupima alaimenti, yaani magurudumu yanaelekea wapi. Kijana wa mashine katafuta Mini kwenye orodha hakuiona ya zamani, akachagua gari nyengine ndogo akasema si zote ndogo tu kaka. Karatasi ikatoka namba zote kijani. Nikalipa elfu thelathini, nikaondoka nimefurahi kama mtu kazaliwa mtoto.

Miezi miwili haijesha, kwenda Fumba na kurudi kila siku, gari inavuta kushoto, ukishika breki inataka kwenda inakotaka yenyewe, na mipira inalia kwenye kila kona. Nikarudi. Kijani tena. Elfu thelathini tena. Mara ya tatu yule bwana akanambia mbele za watu, wallahi mbele za watu, hili gari lishakufa, lipelekeni hotelini watalii walipigie picha. Nikalipa nikaondoka kimya. Sijasahau mpaka leo na sitaki kusema uongo kwamba nimesamehe.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa Morris Minor, keshastaafu, niliyekutana naye msikitini. Hata jeki hakuchukua. Kachutama, kapitisha kiganja juu ya mpira, kutoka nje kwenda ndani, laini. Halafu akarudisha mkono kutoka ndani kwenda nje, unakwaruza kama msumeno. Akanishika mkono wangu akaupitisha pale pale mpaka nikausikia. Akasema, mwanangu, mipira hii imebanwa mbele, nani kakwambia Mini inabanwa?

Hapo ndipo nilipojua. Kubana ni magurudumu mawili kukaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma yake, kutanua ni kinyume chake. Morris Minor na Mini zote kachora mtu mmoja, Alec Issigonis, lakini Minor inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hivo mbele unayabana kidogo, inchi 3/32, kama milimita 2.4. Mini inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukikanyaga mafuta yanajivuta yenyewe kuingia ndani, sasa ukiyabana tangu mwanzo yanazidi kuingia na mpira unasuguliwa ubavu njia nzima. Mini mbele inataka ITANUKE, inchi 1/16, milimita 1.6, ikitembea ndo inanyooka. Na nyuma kinyume chake, ibane inchi 1/8, milimita 3.2. Yaandikeni mahali haya. Mimi nimeyaandika kwa rangi ndani ya boneti.

Lakini yule mzee hakuniruhusu kugusa nati hata moja siku ile. Akasema kwanza tutizame kilichokufa. Tukainua mbele, shika gurudumu juu na chini utikise, likicheza mwambie mtu akanyage breki, likitulia ni beringi, likiendelea kucheza ni boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu. Shika kushoto na kulia, ikicheza ni tairodi, ile fimbo ya sukani inayogeuza gurudumu. Yangu boljointi ya kushoto ilikuwa inagonga. Halafu ule mkono mwembamba unaotoka chini kwenda mbele kwenye sabfremu (ile fremu ndogo ya chuma inayobeba magurudumu), bushi zake zilikuwa zimekatikakatika kama biskuti, ndo maana nikishika breki gurudumu linarudi nyuma na gari inavuta. Mashine ya kompyuta inapima gari imesimama, bushi hiyo itaionea wapi?

Na nyuma ndo kulikuwa na msiba wenyewe. Mikono ya nyuma ya Mini ina nipeli, kile kichwa kidogo cha kupigia grisi, kila mkono moja, pale pembeni kwenye ekseli ya mkono, na wengi hata hawajui kama ipo. Ikikosa grisi bushi inalika na gurudumu linalala ndani. Nilipochoma sabfremu ya nyuma kwa bisbisi, bisbisi ikazama. Kutu tupu. Nakaa Mazizini, upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, na sabfremu ya nyuma ya Mini kwa kutu inajulikana dunia nzima. Ikioza, mkono unahama, gari inakwenda upande kama kaa, na hakuna alaimenti ya mbele itakayotibu hayo. Kupata sabfremu nyengine kulinichukua miezi, tuyaache.

Kupima tulipima kwa mshipi. Mshipi wa kuvulia huu huu, nilinunua Darajani. Unaufunga kwenye vigingi ubavu wa gari pande zote mbili, usawa wa katikati ya magurudumu, na hapa muwe makini, Mini mbele ni pana kuliko nyuma kama sentimita 4, kwa hivo usilinganishe mbele na nyuma, linganisha kushoto na kulia kwa kila ekseli. Sukani inyooke, uifunge isitembee. Pima kutoka mshipi mpaka ukingo wa ringi kwa mbele, halafu kwa nyuma ya ringi hiyohiyo. Sukuma gari nusu mzunguko urudie, maana ringi ikiwa imepinda itakudanganya. Chini ya kila gurudumu la mbele tuliweka vipande viwili vya marumaru na grisi katikati, gurudumu ligeuke bila kukwama. Ukilegeza nati ya tairodi legeza na kibanio cha ule mpira wa sukani usije ukasokoteka. Na unazungusha zote mbili, kushoto na kulia, sawasawa, ukizungusha moja tu sukani itakaa pembe. Raki ya Mini, kile chuma cha sukani kinachosukuma tairodi, ipo nyuma ya magurudumu, kwa hivo ukifupisha tairodi mbele inatanuka. Robo mzunguko, pima. Robo, pima. Tulianza baada ya alasiri, tukamaliza taa za mtaani zishawaka.

Jumapili iliyopita nimekwenda Nungwi na kurudi, familia imo ndani, nikaachia sukani kidogo kwenye njia iliyonyooka na gari ikashika njia yake kimya. Nilipofika nyumbani nikapitisha kiganja kwenye mipira, kwenda laini, kurudi laini. Machozi yalinilenga.

Sasa vijana wenzangu, nawaambia kwa uchungu, tuache kupeleka magari haya kwa mtu asiyeyapenda halafu tunalia. Mwenye gari ajue namba zake. Akatae kupimwa kama boljointi inagonga. Kataa! Pesa ni yako, na roho za wanao zimo humo ndani. Tia grisi. Osha chumvi chini ya gari, si juu tu kwa ajili ya picha. Tia grisi, narudia.

Na wewe mdogo wangu wa Wete, usinunue mpira kwanza. Choma ile sabfremu kwa bisbisi, tikisa magurudumu kama nilivyosema, uniandikie unachokiona. Mwisho wa mwezi nakuja Pemba kwa boti, nashuka Mkoani, mshipi na marumaru nabeba mwenyewe, wewe tafuta vigingi vinne na pahala palipo tambarare.