Setilaiti iko juu, redio iko mkononi: majibu kwa wasomaji

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu mataifa yanayobadilisha mitambo yao ya mawasiliano ya kijeshi kupitia setilaiti. Sikutegemea kwamba jambo hilo lingewagusa watu wengi hivi, kuanzia Urambo hadi Kibirizi. Nimechagua maswali manane. Mimi ni fundi mawasiliano wa Kigoma, si mwanajeshi, na ninayoyaeleza yanajulikana hadharani. Ya ndani ya jeshi letu si ya kuandikwa hapa.

Shikamoo fundi. Setilaiti za televisheni zipo tele. Kwa nini jeshi litumie fedha nyingi kuwa na zake? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora)

Marahaba mwanangu. Kukodi nako kupo. Hata Marekani, pamoja na setilaiti zake zote za kijeshi, hununua nafasi kwenye setilaiti za kampuni za biashara. Tofauti huonekana pale adui anapotaka kukunyamazisha. Setilaiti ya kawaida ya televisheni ni kama kipaza sauti cha mnadani: chochote kinachoingia hutoka kikubwa zaidi. Mtu akirusha kelele kwa nguvu kwenye masafa yaleyale (kama stesheni ileile kwenye redio ya nyumbani), setilaiti itaipokea ile kelele na kuishusha ardhini pamoja na sauti yako, na pengine kuifunika kabisa.

Setilaiti zilizotengenezwa kwa ajili ya vita, kama Milstar ya Marekani iliyoanza kurushwa mwaka 1994 na AEHF iliyoifuata kuanzia mwaka 2010, huruka kutoka masafa haya kwenda yale haraka mno, kwa mpangilio unaojulikana na wenyewe tu. Tena huufungua ujumbe hukohuko angani, huutambua kuwa ni wa mwenyewe, ndipo huutuma unakokwenda. Anayetaka kuuvuruga hajui aelekeze kelele zake wapi.

Kwa kuwa uko shuleni nikupe na historia kidogo. Mwezi Agosti 1963 Rais John F. Kennedy alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kupitia setilaiti ya Syncom 2, na upande wa Nigeria mtambo wa ardhini ulikuwa ndani ya meli iliyotia nanga bandarini Lagos. Miaka sita baadaye, Novemba 1969, Uingereza ilirushiwa setilaiti yake ya kwanza ya kijeshi, Skynet 1A, nayo ikawekwa juu ya pwani hii yetu ya mashariki ya Afrika ili kuunganisha majeshi yake. Ilikufa zamani, lakini bado inaelea huko juu. Kwa hiyo mambo haya hayakuanza jana, wala hayakuanzia mbali na sisi.

Kila siku tunasikia "wanaboresha mfumo". Kinachoboreshwa ni nini hasa? (Mwalimu, Mwanga, Kigoma)

Mwalimu, hili ndilo swali lenyewe, na naomba nilijibu taratibu.

Watu wengi wakisikia kuboresha hufikiria roketi inapaa. Roketi ni sehemu inayopigwa picha. Sehemu ngumu iko chini: redio ya begani, antena ya kwenye gari, kituo kinachopokea na kugawa mawasiliano, funguo za kuficha ujumbe, betri, na mtu anayejua kuvitumia akiwa na usingizi na mvua inamnyeshea.

Chukua MUOS, mfumo wa jeshi la wanamaji la Marekani unaohudumia askari wenye redio ndogo. Wazo lake ni zuri sana: walichukua teknolojia ya simu za mkononi za kizazi cha tatu, wakaufanya mnara uwe setilaiti. Askari anapiga kama anavyopiga simu, hata akiwa chini ya miti au ndani ya gari. Setilaiti ya kwanza ilipaa Februari 2012, ya tano Juni 2016. Sasa angalia kilichotokea. Setilaiti zilikuwa juu, zinafanya kazi, huku redio zinazoweza kusema lugha yao mpya zikiwa chache mno mikononi mwa vikosi. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya uwezo ule ilikaa bila kutumika. Kilichowaokoa ni kwamba wabunifu walikuwa wameweka ndani ya kila setilaiti mtambo wa pili, unaosikilizana na redio za zamani. Bila huo, wangekuwa na anga mpya na askari mabubu.

Hata vituo vya ardhini vilikuwa na kisa chao. MUOS ina vituo vinne: Hawaii, Virginia, Australia, na Niscemi kisiwani Sicily. Wenyeji wa Niscemi, akina mama wakiwa mstari wa mbele, walikikataa kwa hofu ya mawimbi kudhuru afya na msitu wao. Wakafunga barabara, wakaenda mahakamani, na kazi ikasimama kwa vipindi. Setilaiti haina jirani wa kuilalamikia. Kituo cha ardhini kinaye.

Mimi mwenyewe nimelionja hili kwa kiwango kidogo. Miaka ya nyuma niliitwa Kibondo, kwenye ofisi moja ya misaada, kwa sababu mawasiliano ya setilaiti yalikuwa yanakatika tangu walipoletewa modemu mpya, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na dishi. Ofisi ilikuwa imeshaandika barua kali kulaumu setilaiti. Nilikagua siku mbili. Siku ya tatu nikapanda juu ya paa, nikafungua kiungio cha waya kwenye dishi, maji yakanidondokea mkononi. Modemu ilikuwa mpya, waya ni wa zamani, na hakuna aliyeufikiria kwa sababu waya hauna taa wala kioo. Tangu siku ile, mtu akiniambia amenunua mfumo mpya, namwuliza kwanza waya zina umri gani.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kumshauri yeyote anayepanga ununuzi wa aina hii, iwe jeshi, hospitali au meli ya ziwani, ningemwomba aanze kuhesabu kutoka mkononi mwa mtumiaji kwenda juu, siyo kutoka juu kushuka.

Huku dishi zetu zinatazama karibu utosini, na mvua kubwa ikianza picha inaganda. Majeshi nayo hukatikiwa hivyo? (Fundi madishi, Urambo)

Fundi mwenzangu, hukatikiwa, ila inategemea masafa. Tone la mvua husumbua zaidi wimbi fupi. Mawimbi ya bendi (kundi la masafa) iitwayo Ka yana urefu wa takribani sentimita moja, na mvua yetu ya masika huyameza vizuri sana. Bendi ya X, inayotumiwa na serikali na majeshi, ina mawimbi ya sentimita 3 hadi 4, nayo huvumilia zaidi. MUOS hutumia mawimbi yanayokaribia mita nzima. Hayo hayajui kama kuna mvua. Gharama yake ni kwamba hayabebi mzigo mkubwa: sauti na ujumbe yatabeba, video ya ndege isiyo na rubani itayashinda.

Na hilo la dishi kutazama juu ni neema yetu. Setilaiti hizi zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Sisi tulio nyuzi tano hivi kusini tunaziona karibu wima, hivyo mawimbi hukatiza tabaka jembamba la mvua. Aliyeko Ulaya ya kaskazini dishi lake limelala, mawimbi yanapita ndani ya mvua kwa mshazari, njia ndefu zaidi. Wewe shida yako kubwa ni maji kutuama ndani ya dishi.

Lakini tuna adui mwingine ambaye wa Ulaya hamfahamu sana, na mafundi wengi wa huku hawajaambiwa habari zake. Jua likishazama, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huchafuka kwenye ukanda huu wa tropiki. Hutokea kitu kama mapovu makubwa, na wimbi la redio likipita humo hutetemeka, kama taa ya mvuvi wa dagaa unavyoiona ikicheza juu ya maji usiku. Huzidi karibu na miezi ya Machi na Septemba, na miaka ambayo jua lina madoa mengi. Mvua humeza mawimbi mafupi, mapovu haya huyavuruga zaidi marefu, yaleyale ya redio za askari, na GPS nayo huguswa.

Mfano: tarehe 4 Machi 2002, kwenye mlima wa Takur Ghar nchini Afghanistan, helikopta ya jeshi la Marekani iliyobeba waokoaji ilielekea kileleni palipokuwa na adui. Jitihada za kuwaonya kwa redio ya setilaiti wasitue pale hazikuwafikia. Wamarekani saba walikufa katika mapigano ya mlima ule. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza kwamba huenda povu la namna hii lilichangia kuukata ujumbe. Afghanistan iko mbali na ikweta kuliko sisi. Sisi tunaishi chini ya mapovu hayo.

Setilaiti hizi za mawasiliano zinatupiga picha? (Msomaji, Nzega)

Hapana. Za kupiga picha ni nyingine, na nyingi hupita chini zaidi, kilomita mia kadhaa tu. Ya mawasiliano haina jicho. Ina masikio na mdomo.

Mwanangu yuko nje kwenye ulinzi wa amani. Wana mitambo ya setilaiti, lakini zinapita siku nyingi bila simu. Nielewe nini? (Mama, Kasulu)

Mama yangu, pole kwa kusubiri. Mitambo ile ni ya kazi. Umoja wa Mataifa huunganisha misheni zake kwa setilaiti kupitia vituo vyake vya Brindisi, Italia, na Valencia, Hispania, na njia hiyo hubeba taarifa za doria, wagonjwa, chakula na ndege. Mazungumzo ya nyumbani hutegemea simu ya mkononi pale penye mtandao.

Kuna sababu nyingine pia. Simu ikiwaka hutoa mawimbi, na mwenye vifaa anaweza kujua yanatoka wapi. Mapema mwaka 2023 jeshi la Urusi lenyewe lilisema kambi yake ya Makiivka, mashariki mwa Ukraine, ilishambuliwa kwa sababu askari waliwasha simu zao. Tangu hapo makamanda wengi wamekuwa wakali zaidi. Kwa hiyo mama, siku ambazo simu haiingii, mara nyingi maana yake ni kwamba kuna mkubwa wake anayemlinda.

Setilaiti za chini zina kasi kubwa na dishi dogo. Kwa nini majeshi yasihamie huko yaachane na hizi za zamani? (Mfanyabiashara, Kibirizi)

Kasi ni kweli. Starlink, kwa mfano, mtandao wa intaneti ya setilaiti, huruka kilomita 550 hivi juu yetu, kwa hiyo jibu hurudi ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwenye setilaiti ya kilomita 35,786, ukiuliza swali utangoja kama nusu sekunde kabla jibu halijakufikia, hata kama uliyemwuliza amejibu papo hapo. Na setilaiti zikiwa maelfu, kuangusha moja hakuzimi mtandao. Jeshi la Marekani lenyewe limeanza kurusha mamia ya setilaiti ndogo zinazozungumza kwa miale ya leza.

Ila ndugu yangu, wewe ni mfanyabiashara, unajua hatari ya kununua mzigo wote kwa mtu mmoja. Asubuhi ya tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, shambulio la kimtandao lilifuta programu ndani ya modemu za KA-SAT, setilaiti iliyokuwa ikitumiwa pia na jeshi la Ukraine. Setilaiti yenyewe haikuguswa. Zilikufa modemu, makumi ya maelfu, na Ujerumani mitambo ya umeme wa upepo ipatayo 5,800 haikuweza tena kuongozwa kutoka mbali. Starlink ikaingia ndani ya siku chache na kuwaokoa Waukraine. Kisha mwaka 2023 mwenye kampuni hiyo, Elon Musk, akasema hadharani kwamba alikataa ombi la kuwasha huduma hadi Sevastopol, mji wa Crimea unaoshikiliwa na Urusi. Hapo majeshi mengi yakashtuka. Ulaya ilitia saini mkataba wa mtandao wake, IRIS², Desemba 2024, wa setilaiti karibu 290, na Ufaransa ilikuwa imesharusha setilaiti zake za kijeshi, Syracuse 4A mwaka 2021 na 4B mwaka 2023.

Na sisi tulikumbushwa Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua. Njia moja, hata ikiwa nzuri namna gani, huja siku ikafungwa.

Enzi zetu tulitumia simu ya upepo na kugonga Morse. Je, ndiyo imetupwa? (Mzee, Ujiji)

Shikamoo mzee wangu. Haijatupwa, imerudi na suti mpya. Redio za mawimbi mafupi za leo (jina ni la zamani tu, maana mawimbi yake ni marefu kuliko yote niliyotaja juu) hujichagulia zenyewe masafa yanayopitika saa hiyo, kazi mliyokuwa mkiifanya ninyi kwa sikio na uzoefu. Ukishusha antena karibu na ardhi, mawimbi hupanda wima, hugonga tabaka la juu na kudondoka kama mwavuli kwenye eneo la kilomita mia kadhaa, hivyo vilima vya Kasulu na Kibondo havizuii kitu. Hakuna setilaiti inayohitajika, hakuna wa kumlipa mwezi. Majeshi mengi sasa hupanga njia nne za mawasiliano kwa mfuatano, moja ikikatika ishike nyingine, na mara nyingi ya mwisho ni hiyo yenu. Ombi langu kwenu mliojua kugonga: mfundisheni walau mjukuu mmoja.

Nimemaliza JKT Bulombora na napenda redio. Nianzie wapi? (Kijana, Kigoma)

Anza na antena, mwanangu, kabla ya kompyuta. Nunua waya, koleo na kipimo cha umeme, jifunze kukata antena kwa urefu wa wimbi, kufunga kiungio kisipitishe maji, na kutunza betri. Fizikia ya mawimbi usiiache. Jumamosi asubuhi huwa niko Mwanga na vifaa vyangu. Njoo na daftari.