Regulata inapokuwa nzito kuvuta

Mwezi wangu wa pili katika kazi ya kupiga mbizi Nungwi, Zanzibar, nilishuka na wageni wanne. Nilikuwa mita 26, geji ya mtungi inasoma baa 60 (baa ni kipimo cha presha), na kila pumzi ya regulata, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, naivuta kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Nikajua mtungi umeniishia. Nikamwendea mwenzangu mbio, nikampa ishara ya kukatikiwa hewa, tukapanda sote, na mbizi ya wageni ikaishia hapo. Kwenye boti fundi wetu akaivuta regulata ileile mara mbili, akanitazama: "Hii nzima, mdogo wangu. Ndiyo tabia yake."

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza, jueni tabia za regulata kabla hamjazijua bei.

Mtungi uliojaa una kama baa 200. Kipande cha mtungini kinaishusha hiyo hadi kama baa 9 au 10 juu ya presha ya maji uliyomo, na kipande cha mdomoni kinamalizia. Hakuna kinachokusukumia hewa. Ukivuta pumzi, kiwambo cha mpira nyuma ya kile kitufe cha mbele kinaingia ndani, kinakandamiza kimkono, vali, yaani kilango cha hewa, inaachia. Ukiacha kuvuta, inafunga.

Tofauti kubwa iko kwenye kipande cha mtungini. Ile iliyonitisha mimi ilikuwa ya pistoni, kizibo kinachoteleza ndani, isiyosawazishwa. Humo presha ya mtungi yenyewe inasaidia kuifungua vali. Mtungi ukijaa, msaada ni mkubwa. Ukipungua, msaada nao unapungua, na presha inayokwenda mdomoni inashuka. Sasa weka hapo kina: mita 26 pafu lako linabeba hewa mara 3.6 ya ile ya juu, nayo nzito. Ndiyo maana pale kwenye boti fundi aliivuta bila tabu. Vyuo vingi vinazipenda hizi kwa kuwa vipuri vyake ni vichache na hazisumbui, na kwa mwanafunzi wa mita 12 sioni ubaya wowote. Kwa mbizi za kina, mimi sishuki nayo tena.

Iliyosawazishwa imetengenezwa ili presha ya mtungi isiisukume vali upande wowote, kwa hiyo baa 180 na baa 50 unavuta karibu sawa. Tahadhari moja tu: haitakuonya. Macho yako ndiyo yatakayokuonya, tazama geji.

Halafu kuna zile ambazo kipande cha mtungini nacho kina kiwambo badala ya pistoni. Maji yanagusa springi na uso wa nje wa kiwambo tu, ndani hayafiki. Kwenye pistoni za kawaida, maji ya chumvi yanaingia hadi kwenye springi na kugusa ringi za mpira. Kwa mchanga wetu huu, ningekuwa nanunua kwa pesa yangu, ningechukua ya kiwambo iliyozibwa kabisa. Ina vipuri vingi, fundi atakutoza zaidi. Sawa tu.

Kuhusu kufunga mtungini, ya kubana kwa skrubu ya nyuma mtaikuta kila mahali, na mwisho wake ni baa 232. Ya kuingiza kwa nyuzi, DIN, inafika baa 300, na ringi yake imekaa ndani, haitoki kirahisi.

Vali nyingi za kipande cha mdomoni zinafunguka kufuata hewa inakokwenda, kwa hiyo zikiharibika kwa kawaida zinamwaga hewa, hazizibi. Ikianza kumwaga chini, usiibane kwa midomo. Iweke nusu mdomoni, kunywa hewa kidogo kidogo, ziada ipite, huku unapanda taratibu na mwenzako. Ikimwaga juu ya maji, mara nyingi ni kwa sababu mdomo wake umetazama juu, igeuze.

Asubuhi kabla ya boti, fungua mtungi, vuta pumzi nne ukiangalia geji. Sindano ikicheza kila ukivuta, mtungi haujafunguliwa sawasawa. Kisha iache regulata dakika kumi, ukanywe chai. Ukirudi ukaikuta inalia tss tss iliyokuwa kimya mwanzo, usikilaumu kipande cha mdomoni: kiti cha vali, pale inapokaa ikifunga, kwenye kipande cha mtungini kimelika, presha inapanda polepole hadi inajitafutia njia. Fundi anachomeka geji ndogo kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye jaketi la kuelea; sindano nzima inasimama, mbovu inaendelea kutambaa. Ukivuta ukapata maji mdomoni, anza na vitu rahisi: mdomo wa mpira uliochanika, au punje ya mchanga kwenye ile vali ndogo ya mpira ya kutolea pumzi.

Na jioni kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, kausha kifuniko cha kipande cha mtungini, kifunge, ndipo uzamishe. Na usibonyeze kitufe cha mbele humo majini kama haiko kwenye mtungi uliofunguliwa. Ukibonyeza, maji yanapanda kupitia mpira wa hewa hadi kwenye pistoni, na wiki mbili baadaye mtaulizana nani aliosha zamu ile.