Maswali ya Wasomaji: Gari la Zamani kwa Siku za Kasi Pekee

SWALI: Assalaam alaykum. Nina gari aina ya Subaru Impreza WRX la mwaka 1999, ambalo halitumiki tena kila siku kwa kuwa tumenunua jengine la familia. Nimekusudia kulibakisha kwa zile siku chache za mwaka ambapo wenzangu wa Dar es Salaam hukodi kiwanja na kuendesha kwa kasi chini ya usimamizi. Muda mwengine litakaa nyumbani, limefunikwa turubali. Fundi ananishauri nianze kwa kuongeza nguvu ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini). Nifanye hivyo?
– Msomaji, Bububu, Unguja

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Uamuzi wako wa kulibakisha tumeufurahia, kwani gari la aina hii linatendewa haki zaidi kiwanjani kuliko likikimbizwa njia ya Tunguu mbele ya watoto wa skuli. Ushauri wa fundi, hata hivyo, tunakuomba uuweke kando.

Anza na mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo hata gari likiwa limesimama, na hewa yetu, hasa wakati wa Masika, ina unyevu mwingi mno. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini ni nyuzi 155 tu. Anayetoka Bububu kwenda Darajani haioni tofauti hiyo, kwa sababu breki zake hazipati moto wa kutosha. Kiwanjani, baada ya mizunguko michache ya kufunga breki kwa nguvu, mafuta yaliyochoka huchemka, mvuke hujaa katika mabomba, na pedeli huzama hadi chini ilhali gari halipunguzi mwendo. Kwa hiyo yamwagwe yote kabla ya msimu wako wa kuendesha, yawekwe mapya kutoka chupa isiyowahi kufunguliwa, hata kama gari halikutembea kilomita mia tangu mara ya mwisho.

Tairi nazo huzeeka kwa miaka. Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, utaona tarakimu nne: 1216 maana yake ni wiki ya 12 ya mwaka 2016, na tairi la umri huo hatukushauri ulikimbize hata likiwa na meno kamili. Mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni ndani ya injini, kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishwe sasa pamoja na pampu ya maji, kwani ukikatika katika injini hiyo, valvu hugonga pistoni.

Turubali tunalipinga kabisa. Huzuia mvua lakini hufungia unyevu ndani, na unyevu huo ukikutana na chumvi ya pwani, kutu huanzia usipopaona, yaani uvunguni na ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma. Banda lenye paa na upepo wa kupita linatosha. Liache gari kwenye gia na uweke vizuizi vya magurudumu, bila kuvuta handibreki, ili breki zisigande. Kila wiki mbili liendeshe nusu saa, kwa sababu kuliwasha dakika tano na kulizima huacha maji katika mafuta ya injini yasiyopata joto la kuyakausha. Kwa hiyo bima na leseni ya njia usiziache zikatike.

Tabo ikipandishwa shinikizo bila kuongeza petroli na kurekebisha kompyuta ya injini, joto la ndani ya silinda huzidi na pistoni huvunjika. Nguvu ya kiwandani inamtosha sana dereva anayekwenda kiwanjani mara chache kwa mwaka. Fedha hiyo ilipie breki, tairi na mwalimu wa kukaa pembeni yako, na kila gari linaporudi kwa meli, lioshwe uvungu wote kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuingia bandani.