Kura ya chama na kura ya mshahara
Ndugu, hoja yako kwamba mfuasi wa chama cha Republican nchini Marekani hawezi kuunga mkono kupandishwa kwa kima cha chini cha mshahara haiafikiani na matokeo ya kura zenyewe. Mwaka 2020 jimbo la Florida lilimpa Donald Trump, mgombea wa chama hicho, ushindi, na katika uchaguzi huohuo takriban asilimia 61 ya wapiga kura wakaidhinisha kima hicho kipandishwe hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa. Arkansas na Missouri, ambako chama hicho kina nguvu, zilikuwa zimekwisha kupitisha nyongeza kwa kura ya wananchi kama hiyo mwaka 2018. Swali likiletwa bila jina la chama, mtu hupiga hesabu ya mfuko wake. California, inayodhaniwa kuwa ya mrengo wa kushoto kabisa, ilikataa dola 18 mwaka 2024, japo kwa tofauti ndogo. Chama hutawala zaidi bungeni, ambako kima cha shirikisho, yaani cha nchi nzima, kimekwama kwenye dola 7.25 tangu 2009, ingawa hata huko maseneta kadhaa wa Democratic waliipinga hoja ya seneta Bernie Sanders ya dola 15 mwaka 2021.